Kazi iliyopigwa mkasi itangulie

Kuna ushauri unazunguka sana huku kwetu wauzaji wa mtandaoni: chagua kitu kimoja, kibobee, vingine viache. Kama unashona, shona tu. Kama unafuma, fuma tu. Ukionekana una sweta kwenye sindano, gauni kwenye cherehani na kikapu kwenye kona ya sebule, unaambiwa huna mwelekeo.

Mimi sikubaliani nao. Nafanyia kazi nyumbani, Iringa mjini. Nashona nguo za kitenge na sare za shule, nafuma sweta na kofia za watoto, nasuka vikapu vya milulu. Vyote nauza kwa simu, WhatsApp na Instagram, mzigo unapanda basi unaenda kwa mwenyewe. Sasa hivi ninapoandika nina kazi tano zilizoanzwa na hazijaisha, na usiku nalala vizuri tu, kwa sababu najua ipi inaweza kusubiri na ipi haiwezi, na najua hela iliyomo ndani ya kila moja ni ya nani.

Ushauri wa kitu kimoja unamfaa mwenye fremu. Yeye anafungua saa mbili asubuhi, anafunga jioni, ana kijana wa kumsaidia, na meza yake ya kukatia hakuna mtu anayekuja kuilia ugali. Saa zake zimenyooka. Sisi wa nyumbani saa zetu zimekatikakatika. Unapata dakika 20 maharage yakiwa jikoni. Unapata saa moja mtoto akilala mchana, lakini ukianza kukanyaga cherehani anaamka. Unapata muda mzuri usiku, na ndipo umeme unakatika.

Huwezi kukata gauni la mtu kwa dakika 20. Kukata kunataka meza tupu, mwanga wa mchana na kichwa kilichotulia, maana sentimita mbili ukizila kwenye kiuno hazirudi. Lakini kwa dakika 20 hizohizo unafuma mistari kadhaa ya sweta, unaweka chini, unageuza maharage, unarudi, hakuna kilichoharibika. Umeme ukikatika cherehani ya mota inasimama, pasi inasimama, ila sindano za kufumia hazina habari na umeme. Kikapu nacho kina saa zake. Milulu ikikauka sana inakatika mkononi, kwa hiyo unailowesha kidogo ilainike, na ukishailowesha ndiyo umeanza. Ukiiacha na unyevu wake kwenye mfuko itaota ukungu. Ile ni kazi ya barazani mchana, jirani amekuja, mnaongea na mikono inaendelea.

Yaani kazi zangu tatu hazigombanii saa moja. Ningebaki na cherehani peke yake, saa zote ambazo siwezi kuwasha cherehani zingekuwa saa za kukaa tu na simu.

Halafu kuna misimu. Iringa tuko juu, zaidi ya mita 1,500 kutoka usawa wa bahari, na ukifika mwezi wa 6 na wa 7 baridi siyo mchezo. Sweta za watoto hapo zinajiuza zenyewe. Mwezi wa 9 jua limerudi, sweta hiyohiyo utaiposti mpaka uchoke. Mwezi wa 12 na wa 1 ni sare za shule. Sikukuu ni magauni ya mama na mtoto. Vikapu vina wateja wao wa Dar es Salaam na wageni, na hao hawaangalii baridi. Anayefuma tu, kuanzia mwezi wa 9 anaishi kwa hela ya sweta za baridi, na wewe unajua hela ya sweta inakaa muda gani nyumbani kwenye watoto.

Kwa hiyo kuwa na kazi nyingi nyumbani mimi natetea. Ila kuna namna ya kuwa nazo nyingi inayoua biashara, na hiyo ndiyo hasa nataka tuiongelee.

Kila kazi muulize swali moja: nikiiacha kesho, naweza kurudisha mali yangu?

Sweta inakubali. Ukivuta uzi inafumuka, unabaki na uzi wako mkononi, umejikunja kidogo lakini ni uzi. Milulu inakubali nusunusu. Kikapu kilichoanzwa kitako unaweza kukiweka ukakirudia wiki ya pili ukaendelea, ila ukikifumua sehemu ya majani itavunjika. Kitenge hakikubali kabisa. Yadi 6 zikishapita kwenye mkasi hazirudi kuwa yadi 6. Ni vipande vya umbo la mwili wa dada fulani wa Mafinga mwenye kifua chake na nyonga zake. Akikataa mzigo kwa sababu umechelewa, hakuna mwingine duniani wa kumuuzia vile vipande.

Ndiyo maana kwangu sheria ni moja: kilichopigwa mkasi kinatangulia. Sijali nani amepiga simu mara nyingi. Sijali sweta imebaki mkono mmoja tu. Kama kuna nguo imekatwa ipo mezani, kila saa yenye mwanga na umeme ni ya hiyo nguo mpaka ipigwe pasi na kukunjwa. Na sikati nyingine mpaka hiyo iishe.

Hapa wengi wananiuliza, sasa oda za sare zikija kumi? Sare kumi za shule moja mimi naziita kazi moja. Unakata zote siku moja, unashona mabega yote, unaingiza mikono yote, unapiga pindo zote, vifungo vyote. Uzi ni uleule kwenye cherehani, sindano ni ileile. Ukifanya hivyo unaokoa muda mwingi sana kuliko kumaliza moja moja. Kinachokula muda ni kuruka. Asubuhi unashona kitenge, mchana unaingiza kitambaa cha jezi kinachovutika, inabidi ubadilishe sindano uweke ile yenye ncha ya mviringo, ubadilishe uzi, ujaze bobini upya, ujaribu kwenye kipande kuona kama inaruka mishono. Jioni unarudi kwenye kitenge, unaanza upya. Siku imeisha na hakuna nguo hata moja iliyokwenda kwenye pasi.

Basi kwangu ni kazi moja kwenye cherehani, moja mikononi, moja ya kusuka. Na za kufuma naruhusu mbili, kubwa na ndogo: sweta inakaa nyumbani, kofia inaingia kwenye pochi naenda nayo kliniki, kwenye kikao cha kikoba, kwenye daladala. Hizo ndizo nne. Hii ya tano niliyoitaja ni shuka la kutarizi la binti yangu, hilo halina tarehe na halina mwenye hela yake, liache.

Sasa tuje kwenye hela.

Nina dada mmoja ninayemfahamu, fundi mzuri kuliko mimi, mkono wake ukiuona kwenye gauni unaujua. Mwaka fulani alipata oda ya sare za harusi, akina mama sita, kila mmoja ametanguliza nusu. Wiki hiyohiyo akapata uzi wa kufumia kwa bei ya chini, mtu alikuwa anafunga duka. Akachukua hela ya akina mama akanunua uzi, akasema baridi ndiyo hii, nitafuma sweta, nitauza, nitarudisha, vitambaa nitanunua kabla harusi haijafika. Hesabu yake haikuwa ya kijinga. Uzi ulikuwa wa bei nzuri kweli.

Lakini sweta moja ya mtoto kwa mkono ni siku kadhaa kwa mtu mwenye nyumba na watoto. Alizofuma hazikufika hata nusu ya alizopanga, na baridi ikaondoka. Harusi ikabaki wiki mbili, vitambaa havijanunuliwa. Akaenda kwenye mkopo wa kausha damu. Sare zilitoka, usiku wa kuamkia harusi, na akina mama walivaa. Ila ile riba ilikula ovaloki yake. Mashine aliyoinunua kwa miaka miwili ya kuweka kidogo kidogo ilibebwa kwenye bodaboda mbele ya watoto wake. Uzi mwingine hadi leo anao kwenye mfuko wa salfeti.

Watu walimwambia, tatizo lako unafanya vitu vingi. Mimi nakataa. Angeweza kuwa na sare sita na sweta kumi kwa pamoja bila shida kama uzi ungenunuliwa kwa hela yake. Kilichomwangusha ni hela ya oda moja kwenda kununua malighafi ya nyingine. Hilo hata ukiwa na kazi mbili tu linakuangusha.

Namna ninavyojilinda ni ya kizamani kabisa. Kila kazi ina mfuko wake. Sizungumzii mfuko wa kununua; ile ya khaki inayobaki ukitoka dukani inatosha. Ndani kuna kitambaa au uzi wake, vifungo vyake, zipu yake, bitana kama ipo, na karatasi. Kwenye karatasi naandika jina la mteja, vipimo, siku aliyotoa oda, alichotanguliza, nilichonunua kwa hela hiyo, na kilichobaki. Hela iliyobaki kama ni ya kununua kitu bado, inakaa ndani ya mfuko huohuo, au kama imekuja kwa simu naiandika kwenye karatasi kwa kalamu nyekundu na siigusi. Siku mteja akipiga saa tatu usiku kuuliza kilipofikia, sitafuti kichwani, nachomoa mfuko.

Na hiyo mifuko inakwambia kitu kingine ambacho daftari la mauzo halikwambii. Chukua zote uziweke kitandani, jumlisha ulichonunua. Tuseme una kazi tano na kila moja ina malighafi ya 12,000. Hiyo ni 60,000 imelala. Ngapi kati ya hizo ni za wateja na ngapi ni zako? Kama 48,000 ni za wateja, uko salama, wewe kazi yako ni mikono tu. Kama 48,000 ni za kwako, mama yangu, wewe huna oda, wewe umewakopesha watu nguo ambazo hawajazichukua.

Ndiyo maana kwenye kutanguliza simlegezei mtu. Sisemi nusu, maana nusu ni neno la kudanganya. Nguo ya 30,000 yenye kitambaa cha 18,000, ukichukua nusu umeweka 3,000 ya kwako kwenye mwili wa mtu mwingine. Mimi nataka malighafi yote na kidogo juu yake. Wanaosumbua siyo wateja wa mtandaoni, hao wamezoea. Wanaosumbua ni wifi, shemeji, mama mdogo wa upande wa mume. Huyo huwezi kumtumia namba ya kulipia. Nimejifunza kumwambia, kwa heshima zote, “Shikamoo mama, kazi yako naipokea kwa mikono miwili, naomba uniletee kitambaa chenyewe uchague mwenyewe rangi unayoipenda.” Akileta kitambaa, malighafi imelipwa, ufundi tutaongea. Asipoleta, hakuna kilichoanza.

Kwenye uzi wa kufumia kuna sababu nyingine ya kutaka hela yote mwanzo. Uzi unatiwa rangi kwa mafungu, na kila fungu lina namba yake kwenye karatasi ya bunda. Rangi inaweza kuwa bluu ileile kwa jina, lakini fungu la mwezi huu na la mwezi ujao yakikutana kwenye sweta moja, juani utaona mstari kama bomba la maji. Kwa hiyo sweta ya mabunda manne nanunua manne siku moja, naangalia namba zinafanana, ndipo naanza. Anayenunua mawili akisubiri mteja amalizie hela, atarudi dukani na kukuta fungu lingine, au hakuna kabisa. Hapo sweta yenye mwili mzima na haina mikono inakaa kwenye sindano, na sindano zako za namba hiyo zimefungwa humo, huwezi hata kufumia nyingine.

Na hata uzi ukiwepo, kazi ya kufuma ukiiacha muda mrefu mkono unabadilika. Mtu mwenye mawazo anafuma kwa kukaza, akiwa ametulia analegeza. Mkono wa kushoto wa sweta uliofumwa mwezi wa 5 na wa kulia uliofumwa mwezi wa 7, vipime, mara nyingi vinatofautiana upana. Sweta inaweza kusubiri, ndiyo, lakini isubiri mwili ukiwa umeisha au mikono yote miwili ikiwa imeisha. Usiiache katikati ya mkono.

Tarehe nazo. Sisi mafundi tuna jina baya la “njoo kesho”, na tumelitafuta wenyewe. Zamani mteja alikuja mlangoni, akanuna, akaondoka. Sasa anapiga picha ya maongezi yenu anaiweka kwenye kundi lenye watu 200. Ukiulizwa lini itakuwa tayari, usihesabu siku, hesabu saa za aina hiyo ya kazi. Mimi kwa wiki najua nina asubuhi nne za cherehani, labda tano Mungu akipenda. Gauni la bitana linataka asubuhi mbili. Kama mezani kuna sare za asubuhi tatu, gauni jipya haliwezi kuwa la wiki hii hata mteja akilia. Namwandikia hivi: “Dada, nina kazi moja mbele yako. Yako naikata Jumatatu, basi linaondoka nayo Ijumaa. Kama Ijumaa ni mbali kwako niambie sasa nisipokee hela yako.” Wengi wanasubiri. Wachache wanaondoka, na mimi naona ni heri waondoke na hela yao mkononi kuliko waondoke na picha ya maongezi.

Kuna wanaoshauri umtumie mteja picha kila hatua ili awe na imani. Kwa sweta na gauni mimi situmi. Ukimtumia picha ya gauni lisilo na mikono atakwambia, “Kumbe! Basi tuweke mikono ya puto.” Kwa kikapu natuma, maana kikapu kikishaanza hana cha kubadilisha isipokuwa mshikio.

Wengine mtasema ukurasa unaonekana fujo, leo kikapu kesho sare. Hilo kweli, na dawa yake ni kuposti kwa msimu. Mwezi wa 6 ukurasa wangu ni sweta tupu, hata kama ndani nashona. Mteja hahitaji kujua kila kilichoko sebuleni kwangu.

Jambo la mwisho ni mifuko iliyolala. Kila mwisho wa mwezi namwaga yote. Kazi iliyopigwa mkasi na mwenyewe amekimbia, namtumia ujumbe mmoja wenye tarehe, ikipita naigeuza: gauni linakuwa la mtoto, mabaki yanakuwa vibanio na pochi ndogo, nauza nirudishe cha kitambaa. Sweta isiyo na mwenyewe ikifika mwezi wa 9 nauliza kama kuna anayeitaka kwa bei ya uzi na kidogo. Hakuna? Nafumua. Wenzangu wanashangaa, eti siku zote hizo za kazi. Siku zile zimeshaondoka hata sweta ikibaki kwenye kabati. Uzi ndiyo bado upo. Kufumua ni jioni moja. Unakuwa umejipinda kama tambi, kwa hiyo unauzungusha kwenye mgongo wa kiti, unafunga sehemu nne usivurugike, unaufua, unautundika na kitu kizito kidogo chini, chupa ya maji inatosha. Ukikauka unanyooka vya kutosha kufumia tena.

Ile sweta ya kijani niliyoiposti mpaka mkachoka, nimeifumua wiki iliyopita. Imetoa kofia tatu za watoto. Mbili zimeshalipiwa, ya tatu iko kwenye pochi, imebaki kufunga juu.